Baiskeli ya kuegemea inayumba: tatizo ni shingo, uma au usukani?

Fundi wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Tangu nilipoumia mgongo siwezi tena kukaa juu ya velo ya kawaida kwa zaidi ya dakika kumi, na ndiyo sababu nimejiundia baiskeli ya kuegemea, ile ambayo mpandaji huketi kwenye kiti chenye mgongo na kusukuma pedeli zilizo mbele yake, si chini yake. Nilikata fremu mbili kuukuu, nikaziunga kwa bomba la mraba, nikaweka gurudumu la inchi 26 nyuma na la inchi 20 mbele. Shingo, yaani lile bomba fupi ambamo mti wa uma wa mbele (ule unaolishika gurudumu) huzunguka, niliiacha katika pembe yake ya zamani, kwa kuwa niliamini kwamba walioipima kiwandani walijua walichokuwa wakifanya.

Kutoka ekseli hadi ekseli kuna sentimita 165. Gurudumu la mbele limetangulia pedeli, mbali sana na kiti, kwa hiyo niliurefusha usukani kuelekea nyuma kwa mabomba mawili ili vishikio vinifikie mikononi. Kutoka shingoni hadi vishikioni ni sentimita 70.

Sasa malalamiko yangu. Nikienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, baiskeli inachora nyoka barabarani, na nimekwisha kuanguka mara tatu mbele ya majirani, jambo ambalo mtu wa umri wangu halifurahii. Nikipata kasi kidogo kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na gurudumu halionyeshi hamu yoyote ya kurudi katikati. Kwenye changarawe ya lava sehemu ya mbele inateleza bila kunionya. Jirani yangu anayechonga chukudu, zile skuta zetu za mbao za kubebea mizigo, anasema shingo imesimama mno, niilaze. Kijana aliyenisaidia kuchomelea anasema niugeuze uma utazame nyuma. Kabla sijakata chuma tena, ningependa kujua ni yupi kati yao mwenye haki.

Mzee wa Chukudu (Goma, Ndosho)

Ndugu yangu, huyo jirani huenda ananifahamu, maana hilo ndilo ambalo ningekuambia mimi pia. Nimeteremsha makala, yaani makaa, na kabichi kutoka Kibumba kwa miaka mingi, na sijawahi kuiona chukudu yenye shingo iliyosimama wima ikafika chini salama na mzigo wake. Shingo ikilazwa, gurudumu linafuata njia lenyewe, na mwenye chombo anabaki na kazi ya breki tu. Velo za dukani zimeundwa kwa ajili ya lami; wewe unapita juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambayo hata gari linayapanda kwa heshima. Ilaze shingo, kisha urudi kutuambia.

Mwalimu Nabintu (Bukavu)

Mzee, kwa heshima zote, naomba tusubiri kidogo kabla ya kumkatisha ndugu yetu chuma. Ushauri wako una msingi wa kweli, lakini unagusa pembe peke yake, na pembe peke yake haisemi lolote mpaka tujue ukubwa wa gurudumu na mpindo wa uma.

Fikiria mstari unaopita katikati ya shingo na kuendelea moja kwa moja mpaka ardhini. Mstari huo hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, wanafunzi wangu na mimi tunauita mkia, kwa sababu tairi linaburutwa nyuma ya mstari kama mkia unavyomfuata mnyama. Ni kanuni ileile inayoyafanya magurudumu ya kitanda cha hospitali yageuke yenyewe kuelekea unakokisukuma. Mkia ukiwa mrefu, gurudumu hung'ang'ania kwenda mbele. Ukiwa mfupi, usukani huwa mwepesi na hausemi chochote mkononi. Huo wepesi ulioueleza kwenye mteremko unanifanya nishuku kwamba mkia wako ni mfupi mno.

Tafadhali pima vitu vitatu: pembe ya shingo kutoka kwenye usawa wa ardhi, nusukipenyo cha gurudumu la mbele, yaani kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli, mtu akiwa ameketi kitini, na mpindo wa uma, yaani umbali wa ekseli kutoka kwenye mstari wa shingo, ukipimwa kwa kuukingama mstari huo. Fito moja iliyonyooka, kamba yenye jiwe na karatasi ya kupimia pembe ya mwanafunzi yeyote vinatosha. Kama unaweza, weka mizani ya dukani chini ya gurudumu la mbele ukiwa umeketi, huku gurudumu la nyuma likiwa juu ya ubao wa kimo kilekile.

Kijana wa Lushi (Lubumbashi)

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Gurudumu la inchi 20 ni dogo na jepesi, halina ule mzunguko wenye nguvu unaoisimamisha velo kama pia ya watoto inavyosimama inapozunguka. Weka gurudumu la inchi 26 mbele na matatizo yataisha. Halafu msiicheke baiskeli ya ndugu yetu: mwaka 1933 Francis Faure, mkimbiaji Mfaransa ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa wakubwa, aliketi kwenye chombo cha namna hiyo kilichoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja huko Paris na kuipita rekodi ya Oscar Egg ya kilomita 44.247 iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli likazikataa baiskeli za aina hiyo mashindanoni. Aliyeshindwa na adui akamnyang'anya silaha.

Fundi wa Himbi (Goma)

Nimepima mara mbili, na binti yangu akahakiki. Pembe ya shingo ni digrii 72. Nusukipenyo ni milimita 250. Mpindo wa uma ni milimita 45. Mimi na baiskeli kwa pamoja tuna kilo 90, na mizani chini ya gurudumu la mbele ilisoma kilo 27.

Mwalimu Nabintu (Bukavu)

Ahsante, Papa. Hesabu yenyewe si ngumu: zidisha nusukipenyo kwa kosaini ya pembe, toa mpindo, kisha gawa kwa saini ya pembe (kosaini na saini ni namba za pembe ambazo kikokotoo hukupa). Kwako, 250 mara 0.309 ni 77. Toa 45, inabaki 32. Gawa kwa 0.951, unapata mkia wa milimita 34. Sasa chukua shingo hiyohiyo na mpindo huohuo, lakini gurudumu la inchi 26 lenye nusukipenyo cha milimita 330: mkia unakuwa milimita 60, ambao ni wa kawaida kabisa kwa velo ya barabarani. Kwa maneno mengine, hukubadilisha pembe wala mpindo, ila gurudumu dogo limekunyang'anya karibu nusu ya mkia bila wewe kujua. Waliopima kiwandani walijua kweli walichokuwa wakifanya, ila walikifanya kwa ajili ya gurudumu lingine.

Hapo kijana wa Lushi amepatia dawa kwa sababu isiyo yake. Gurudumu kubwa lingesaidia, lakini kwa sababu ya mkia, si kwa sababu ya mzunguko. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones aliweka gurudumu la pili kando ya lile la mbele, akalizungusha kinyume ili nguvu ya pia ifutike, na bado aliweza kuipanda baiskeli hiyo. Na kwako gurudumu la inchi 26 lingegongana na pedeli, au lingekulazimu kuurefusha mwili wa chombo zaidi.

Ziko njia mbili za kuurudisha mkia. Ya kwanza ni ya Mzee: ukiilaza shingo hadi digrii 66 na kuuacha uma ulivyo, mkia unafika milimita 62. Ya pili ni kuiacha shingo kwenye digrii 72 na kutafuta uma ulionyooka zaidi, wenye mpindo wa milimita 20, na hapo mkia unakuwa 60. Mikia hiyo miwili inalingana, lakini baiskeli hazitalingana. Kila shingo iliyolala hulifanya gurudumu litake kujiangusha upande linapogeuzwa, kwa sababu kugeuka kunaishusha kidogo sehemu ya mbele ya fremu, na uzito hupenda kushuka. Wahandisi hulipima jambo hilo kwa kuzidisha mkia kwa saini na kosaini ya pembe. Leo una milimita 10. Kwa uma ulionyooka utakuwa na 18. Kwa shingo iliyolazwa, 23. Kwenye mwendo wa polepole, unapogeuka kuingia kwenye ua, tofauti hiyo utaisikia mikononi, kwa kuwa usukani utataka kwenda mbali kuliko ulivyouagiza.

Kuhusu kuugeuza uma utazame nyuma, nakusihi usifanye hivyo. Mkia ungeruka hadi karibu milimita 129 na kule kujiangusha kungefika 38. Baiskeli ingekuwa kama punda aliyekwisha kuamua njia yake. Vilevile usiupinde uma uliopo kwa nyundo, iwe kwa moto au bila moto, kwa sababu uma ukikatika humwangusha mtu kifudifudi, hata aliyeketi chini. Tafuta mwingine ulionyooka kwenye vyuma vya zamani.

Mzee wa Chukudu (Goma, Ndosho)

Mwalimu, nimekusoma. Nimekwenda kuipima chukudu yangu kwa ile kamba yenye jiwe, na ni kweli kwamba uma wake hauna mpindo wowote, ekseli iko kwenye mstari wa shingo kabisa. Kwa hiyo mkia wake unatokana na ulalo peke yake. Gurudumu letu la mbao ni dogo kuliko lake, ndiyo maana tunailaza. Sikuwa nimelifikiria hivyo. Niliikuta shingo imelala tangu enzi za waliotufundisha. Ila nami niongeze jambo moja: mwenye chukudu husimama au hupiga goti, na mwili wake mzima unaupinda mzigo upande anaoutaka. Huyu ndugu amelala kitini kama mgonjwa. Atausawazisha mwili kwa kitu gani?

Mwalimu Nabintu (Bukavu)

Swali zuri, Mzee. Hana kitu kingine ila usukani. Zaidi ya hayo, yuko chini, na kilicho chini huanguka upesi. Jaribu kuusimamisha mti wa fagio kwenye kiganja, kisha ujaribu kalamu: kalamu inakushinda kwa sababu ni fupi, haikupi nafasi ya kuiwahi. Kama uzito wa velo ya kawaida na mpandaji wake uko kwenye kimo cha sentimita 110 na wa baiskeli hii kwenye sentimita 65, hii inaanguka kwa haraka zaidi kwa karibu theluthi moja. Na kwa kuwa urefu wake kati ya ekseli ni sentimita 165 badala ya mita moja hivi, kila kosa linadai ageuze gurudumu zaidi ya mara moja na nusu ya vile angeligeuza kwenye velo ya kawaida ili kulirekebisha kwa kasi ileile. Kwa hiyo yumba ya siku za kwanza ni sehemu ya kujifunza. Kabadilishe uma kwanza.

Fundi wa Himbi (Goma)

Narudi baada ya siku tisa. Nilipata uma wa chuma ulionyooka huko Birere, wenye mpindo wa milimita 20 kamili. Kwenye mteremko ni baiskeli nyingine kabisa: usukani una uzito wa kuridhisha, nikiulegeza kidogo gurudumu linatafuta katikati. Mwalimu, Mungu akubariki.

Lakini kwa mwendo wa polepole bado naichora nyoka, na sasa nimeligundua jambo ambalo siwezi kulieleza. Asubuhi, mikono ikiwa haijachoka, naenda vizuri. Baada ya robo saa, ninapoiacha mikono ipumzike juu ya vishikio, baiskeli inaanza kuniangusha: ikiinama kulia, usukani unakwenda kushoto wenyewe, kana kwamba unanikimbia.

Mwalimu Nabintu (Bukavu)

Papa, hapo umenionyesha nilipokosea, kwa maana niliihesabu baiskeli na kuisahau mikono yako. Wenye mashua huko pwani wana neno kana, ule mti unaoshikwa nyuma ya chombo ili kuuelekeza usukani. Hata mwendesha mtumbwi wa mota kwenye Kivu hushika mpini wa namna hiyo. Ukiusukuma mpini kulia, chombo kinakwenda kushoto. Usukani wako wenye urefu wa sentimita 70 nyuma ya shingo ni kana, na vishikio vikienda kulia, gurudumu linageuka kushoto.

Sasa tazama kinachotokea baiskeli inapoinama kulia. Ardhi inalisukuma gurudumu la mbele, na kwa sababu ya mkia, msukumo huo unaligeuza kulia, upande wa kuangukia. Hilo ndilo linaloiokoa baiskeli yoyote: hujipeleka chini ya uzito unaoanguka. Lakini wakati huohuo uzito wa mikono yako, ulio mbali nyuma ya shingo, unavivuta vishikio kulia, na hivyo unaligeuza gurudumu kushoto. Nguvu mbili zinashindana kwenye wenzo mmoja. Tuzipime kama tunavyopima mzani. Kilo 27 za gurudumu la mbele, mara mkia uliopimwa kwa kuukingama mstari wa shingo, ambao sasa ni sentimita 5.7, ni 154. Upande wa pili, tuseme mikono iliyochoka inaweka kilo 2, mara sentimita 70: ni 140. Usukani wenyewe, kama una kilo moja na nusu na uzito wake uko katikati ya urefu, unaongeza 52. Jumla ni 192. Mikono imeshinda. Kwa uma wa zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana upande wa mkia ulikuwa 86 tu. Na asubuhi, mabega yanapoibeba mikono, zinabaki zile 52, na baiskeli inatii.

Mwaka 2011 watafiti wa Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, akina Arend Schwab na Andy Ruina, waliunda kibaiskeli kisicho na mkia wa kawaida wala nguvu ya pia, nacho bado kiliweza kujisimamisha kikisukumwa bila mtu. Siri mojawapo ilikuwa kuuweka uzito wa sehemu ya mbele ukitangulia mstari wa shingo, ili uanguke upande uleule unaotakiwa kugeukia. Wewe umefanya kinyume chao, bila kukusudia.

Kabla hujaniamini, jaribu hivi. Simamisha baiskeli, uishike kwa kiti tu, uiinamishe taratibu kulia bila kuugusa usukani. Kisha utundike kilo moja ya sukari kwenye kila kishikio na urudie.

Kijana wa Lushi (Lubumbashi)

Kama ni hivyo, kwa nini asiikate baiskeli iwe fupi, gurudumu la mbele lije chini ya mapaja na pedeli zitangulie mbele yake? Usukani ungekuwa karibu, na uzito wa mbele ungeongezeka, asiteleze tena.

Mwalimu Nabintu (Bukavu)

Inawezekana, kijana, na wengi huziunda hivyo. Lakini hiyo ni fremu mpya, si marekebisho, na katika nyingi kati yake kisigino hugusa tairi unapogeuka kwa kona kali. Kwa kuteleza, kuna njia ya bei nafuu: akikisogeza kiti mbele sentimita 10, na yeye akiwa na kilo 70 hivi, gurudumu la mbele litapata kilo 4 zaidi. Miguu itakunjika, basi na pedeli zisogezwe mbele kiasi hichohicho kama nafasi ipo.

Fundi wa Himbi (Goma)

Nimefanya jaribio la sukari uani, watoto wote wakitazama. Bila mzigo, nilipoiinamisha kulia, gurudumu liligeuka kulia, polepole lakini bila ubishi. Nilipotundika zile kilo mbili liligeuka kushoto. Nimerudia mara tano. Mke wangu ameirudisha sukari yake jikoni.

Kwa hiyo kilichobaki ni mikono. Nafikiria kuweka mhimili mdogo wa pili karibu na kiti, wenye usukani mfupi wa sentimita 15 au 20, na kuuunganisha na uma kwa fimbo ya chuma iliyo upande wa kulia wa fremu. Je, fimbo hiyo haitaleta ugonjwa mpya?

Mzee wa Chukudu (Goma, Ndosho)

Ugonjwa wa fimbo ni ulegevu kwenye viungo vyake. Kiungo kikicheza hata kidogo, gurudumu litatikisika nawe hutalisikia mkononi mpaka limekwisha kukuzidi. Usitumie boliti iliyopita kwenye tundu. Ninazo rotula mbili ndogo, yaani viungo vya gololi, ambazo bado zimekaza. Jambo la pili: kama kile kijino (kipande kifupi kinachotokeza na kushikwa na fimbo) kwenye mhimili wa kiti na kile kilicho kwenye uma havina urefu uleule, usukani utageuza zaidi au pungufu ya mkono wako. Anza na vilivyo sawa. Njoo Jumamosi asubuhi na fremu, lakini uma uuache mahali pake, ili tupime fimbo kabla ya kuikata.